Ukurasa wa Saba

Jumapili, 4 Aprili 1993

Tangu jana kuna sauti inayonifuata. Ni ndogo sana, hata mtu aliyeketi kando yangu huenda hakuisikia. Ni sauti ya kalamu yangu ya kubonyeza ikirudisha ncha yake ndani. Tik. Basi. Lakini Nasambu aliisikia. Aliutazama mkono wangu, si uso wangu, akanyamaza katikati ya sentensi, akaketi.

Naandika haya kwa kalamu ileile kwa sababu sina nyingine.

Nieleze kwa utaratibu. Mimi ni katibu wa Kamati ya Wanawake ya Kupinga Video Chafu. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi kwenye ukumbi wa kanisa, Kondele, hapa Kisumu. Mwenyekiti ni Mama Beldina, mke wa mchungaji wetu. Mlezi wetu ni Mwalimu Ogola, mkuu wa shule ya wasichana ya hapa mtaani, mwanamume pekee anayeruhusiwa kuketi nasi. Jana hakuwapo, alikuwa Usenge kwa mkewe.

Kamati ina desturi ambayo haikuandikwa popote. Jambo likiwa zito, Mama Beldina husema, "Katibu, funga kalamu." Nikishaifunga, linalosemwa ni kama halikusemwa. Wanawake wamelia humo ndani juu ya waume zao na binti zao, na kitabu changu hakijui. Nimekuwa nikiiona desturi hiyo kuwa ya huruma.

Jana Mama Beldina hakusema neno. Nilifunga mwenyewe.

Nasambu ni mpiga taipu wa shule ya Mwalimu Ogola. Ana miaka ishirini, mitatu chini yangu. Hakualikwa. Tulipofika kwenye Mengineyo alisimama kwenye benchi la nyuma akaomba ruhusa. Alisema Mwalimu alimwita nyumbani kwake ampigie taipu ripoti yetu ya kanda za video. Alisema Mwalimu alimwambia hawezi kuandika vizuri kitu asichokiona, akaiwasha video. Alisema walipofika kanda ya saba Mwalimu alifunga mlango kwa ufunguo, akamshika, na yeye Nasambu akachomoa karatasi kwenye mashine ya taipu na—

Hapo ndipo kalamu yangu iliposema.

Mama Beldina akafunga mkutano kwa sala. Jioni niliandika kumbukumbu kwa mwandiko mzuri. Kipengele cha sita, Mengineyo: "Hakukuwa na mengineyo."

Mvua imeanza. Mama anasema imechelewa wiki mbili.

Jumatatu, 5 Aprili

Mvua. Sikutoka.

Jumatano, 7 Aprili

Kila nikifikiri juu ya jambo lile najikuta nimerudi kwenye siku tuliyozipata kanda.

Ilikuwa mwezi wa pili. Wanawake ishirini na watatu tulikwenda kwa miguu hadi ukumbi wa video wa Badru, hapa hapa Kondele. Mchana peupe, wanaume wamejazana ndani, pazia jeusi mlangoni. Tulisimama nje tukaimba nyimbo za kanisa. Mama Safia, ambaye ni Mwislamu wa Kaloleni, akaimba nasi viitikio alivyovijua. Wateja wakaanza kutoka mmoja mmoja wamejifunika nyuso kwa magazeti. Mwishowe Badru mwenyewe akatoka amebeba katoni ya sabuni iliyojaa kanda.

"Wamama, nimesalimu amri. Chukueni, ziko kumi na moja. Lakini mimi si shetani. Mimi nauza kile watu wanaulizia."

"Hata bangi watu wanaulizia," Mama Safia akamjibu, na barabara nzima ikacheka.

Afisi ya mkuu wa wilaya ilisema haiwezi kufunga kumbi za video kwa nyimbo. Ilitaka ripoti: kila kanda na kilichomo. Basi nani atazame?

"Tutazame wenyewe," akasema Mama Safia. "Tufunge mlango, tuangalie mara moja, tutapike, tuandike. Ama tutashtaki kitu hatujaona?"

"Wuololo!" Mama Beldina alishika kifua. "Mimi mke wa mchungaji nikae kwa kiti niangalie uchi? Halafu Jumapili nitayarishe Meza ya Bwana na macho hiyo hiyo?"

"Macho ni yale yale uliona nayo watoto wako wakizaliwa, Mama."

Walicheka, lakini hakuna aliyemuunga mkono. Ningeweza kumuunga mimi. Chuo kikuu niliandika insha ndefu kueleza kwamba aibu ni kamba anayopewa mwanamke ajifunge mwenyewe. Mhadhiri aliisoma mbele ya darasa. Siku ile niliandika tu: "Bi Safia alipendekeza memba watazame. Hakuungwa mkono."

Ndipo Mwalimu Ogola akainua mkono. Alisema yeye ni mtu mzima, ana mashine ya video nyumbani, mkewe yuko Usenge na biashara ya samaki wa omena, watoto wameondoka. "Acheni macho yangu ndiyo yachafuke," alisema. "Yenu yabaki safi." Kuna waliotokwa na machozi. Sote tukasema ero kamano, Mwalimu, asante sana.

Mimi ndiye niliyempelekea katoni hadi mlangoni.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili

Nimetoka kanisani mapema nikijisingizia kichwa.

Ripoti iko kwangu. Mwalimu aliituma siku mbili kabla ya mkutano, na kwenye mkutano ule ule niliiinua juu wote waione. Kurasa kumi na moja, ukurasa mmoja kwa kila kanda. Nilisema aliyepiga taipu hii ana mkono safi, hakuna hata kosa moja, na kina mama wakampigia makofi mtu huyo bila kumjua. Nasambu alikuwa ameketi pale nyuma. Makofi yalikuwa yake.

Hakuna aliyeisoma. Mimi pia niliifungua tu kama mtu anayehesabu kurasa.

Leo nimeisoma. Ukurasa wa kwanza hadi wa sita, taipu. Wa nane hadi wa kumi na moja, taipu, ila hapo mistari inapanda na kushuka, ya mtu asiyezoea mashine. Wa saba umeandikwa kwa mkono. Ni mwandiko wa Mwalimu Ogola, ninaujua, umelala kulia kama nyasi zilizopigwa na upepo. Karatasi yenyewe ina mkunjo mkubwa katikati, kama iliyofinyangwa ikanyooshwa tena. Juu kabisa kuna mstari mmoja na nusu wa taipu safi, unakatika katikati ya neno. Kisha unaanza wino.

Nimeketi nayo mapajani hadi Mama akaniita kula. Nasambu alisema kweli, na mimi peke yangu katika Kisumu nzima nina karatasi inayosema hivyo.

Jumapili ya Pasaka, 11 Aprili

Baada ya ibada Mama Beldina alinivuta kando, nyuma ya tangi la maji.

"Elsie nyathina, mwanangu, yale ya Jumamosi ile ulifanya vizuri. Sikuhitaji hata kukuambia."

Nilitaka ardhi inimeze. Sifa ile ilinikaa mwilini kama nguo iliyoloa.

"Mama, na ikiwa ni kweli?"

"Na ikiwa ametumwa? Huyo msichana anakaa kwa shangazi yake. Shangazi anauza chai wapi? Mlangoni kwa Badru! Sasa jumlisha." Kisha sauti ikashuka, na nikaona alivyochoka. "Miaka mitatu tumeitwa wanawake wasio na kazi. Wanatutupia maganda ya ndizi. Mwaka huu ndio afisi imetusikiza. Tukisema mlezi wetu ni hivi, nani atafunga hizo video? Watacheka mpaka Siaya. Wasichana wangapi wataumia kwa sababu ya mmoja?"

Nilikuwa nikimpenda mama huyu kwa ujasiri wake. Leo niliona kwamba ni ujasiri wa mtu anayekimbia kuelekea mbele.

Jumanne, 13 Aprili

Mwalimu Ogola alikuja nyumbani saa tisa alasiri, na mwavuli, na mkate wa siagi kwa Mama. Mama alifuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

Alizungumza juu ya mvua, juu ya mahindi ya Mama, juu ya digrii yangu inayolala ndani ya nyumba nikingoja serikali inipangie shule. Kisha akasema muhula ujao kuna nafasi ya mwalimu wa Kiswahili na Historia, bodi inaajiri, na yeye amelitaja jina langu. Mama akapiga kigelegele kidogo, akajiziba mdomo kwa leso.

"Halafu, Elsie binti yangu. Nasikia kulikuwa na neno kidogo kwenye mkutano."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mimi simlaumu. Mwombeeni. Unaona sasa kile tunapigania? Msichana akishatazama zile kanda, kichwa kinageuka. Anaanza kuona kila mwanamume namna ile. Hiyo ndiyo sumu yenyewe."

Alisema kwa huzuni ya kweli, nikaitikia kwa kichwa kumkubalia. Ninaandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilimkubalia.

"Basi nipe ile ripoti siku chache. Kuna ukurasa mmoja haupendezi. Utepe wa mashine uliisha. Afisi haiwezi kupelekewa karatasi ya mkono."

Faili lilikuwa chini ya godoro langu. Niliingia chumbani, nikapiga magoti, nikalivuta. Ningeweza kuutoa ukurasa wa saba. Vidole vyangu vilikuwa juu yake, kwenye ule mkunjo. Mama alikuwa akicheka sebuleni kicheko ambacho sijakisikia tangu Baba afariki. Nilitoka nikampa faili lote kwa mikono miwili, kama tunavyofunzwa kuwapa wakubwa.

Alipokwisha kuondoka ndipo nilipoyasikia vizuri maneno yake. Msichana akishatazama zile kanda. Alizitazama wapi? Kanda tulimpa yeye.

Alhamisi, 15 Aprili

Nguo hazikauki. Nyumba nzima inanuka unyevu.

Jumanne, 20 Aprili

Faili limerudi, limeletwa na mlinzi wa shule. Ukurasa wa saba sasa ni taipu kama kurasa nyingine, karatasi nyeupe, haina mkunjo. Juu ya faili kuna bahasha yenye barua yangu ya kazi.

Mama ameisoma barua mara tatu, kisha akaenda kuisoma kwa jirani.

Jumanne, 4 Mei

Siku ya kwanza kazini. Wasichana wa kidato cha kwanza walisimama wote nilipoingia, nikasahau jina langu.

Katika afisi ya karani mashine ya taipu imefunikwa kitambaa cha kufumwa, cha maua ya manjano. Niliuliza mpiga taipu yuko wapi. Karani alisema, "Yule aliacha mwenyewe. Alianza kukosa adabu." Kitambaa alikifuma Nasambu. Jina lake limedariziwa pembeni kwa uzi mdogo, hakuna aliyejisumbua kulifumua.

Jumamosi, 8 Mei

Mkutano. Nilisoma kumbukumbu za Aprili kwa sauti. Nilipofika "Hakukuwa na mengineyo" niliyasoma hayo pia. Mwalimu Ogola alikuwa mbele, mikono imefungwa juu ya tumbo. Mama Beldina akauliza nani anathibitisha. Mikono ikainuka kama kwenye kura ya kwenda peponi.

Mama Safia hakuinua wake. Tukikunja viti alinijia.

"Katibu, siku ile mimi nilikaa benchi la pili kutoka nyuma. Masikio yangu hayana ugonjwa."

"Kwa nini hukusema, Mama?"

"Kwa sababu kila nikisema naambiwa Safia alitaka kuangalia uchi. Niliogopa." Alifunga buibui yake vizuri. "Mimi sikusoma. Sababu yangu ndiyo hiyo. Wewe yako ni gani?"

Hakungoja jibu. Nimelitafuta mpaka sasa. Kazi? Mama? Kamati? Zote ni kweli, lakini kalamu niliifunga kabla ya kuahidiwa kazi yoyote. Niliifunga kwa sababu nilichukizwa. Nasambu alikuwa ameleta kile kitu chenyewe ndani ya chumba chetu safi, na mimi, kabla ya kumwonea huruma, nilimwonea kinyaa. Hiyo ndiyo sababu yangu.

Jumatano, 12 Mei

Mvua ya mawe. Mabati yalipiga kelele kiasi kwamba darasa zima lilikaa kimya dakika ishirini, na nilishukuru.

Ijumaa, 14 Mei

Nilipita kwa Badru nikitoka shuleni. Alikuwa mlangoni anachokoa meno.

"Katibu! Madam! Kanda zangu kumi na moja, mkimaliza kuangalia si mnirudishie?"

Wanaume wakacheka. Nikaendelea kutembea.

"Mimi walau nafungua milango, sista! Mlango kwangu hauna ufunguo!"

Basi Kondele nzima inajua. Wanajua na wanafanya mzaha. Sisi tunajua na tunafanya sala. Shangazi wa Nasambu, anayeuza chai pale, hakucheka. Alimimina chai ya mteja hadi ikamwagika.

Jumamosi, 22 Mei

Leo tumechoma kanda, uwanjani, mbele ya watu labda mia tatu. Afisi ilituma mwakilishi. Ripoti imepokelewa, kumbi nne zitafungwa. Tumeshinda.

Kuni zilikuwa zimeloa. Mwalimu Ogola alimimina mafuta ya taa, akawasha, ikazima, akawasha tena. Mwishowe plastiki ikashika, moshi mweusi ukatambaa chini chini kwa ajili ya unyevu, ukatuingia sote machoni, waliolia na ambao hawakulia. Alihutubia juu ya heshima ya mwanamke. Alisema mwanamke ni mama, ni dada, ni binti. Alizungumza vizuri. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika ripoti, na watu walipopiga makofi niliibana ripoti kwapani ili nami nipige.

Mama Beldina alinikumbatia. "Nyathina, umeona? Umeona?"

Niliona. Zile kanda, ya saba ikiwamo, zilikuwa ushahidi, na tulikuwa tukiimba zikiteketea.

Jumapili, 30 Mei

Shangazi wa Nasambu alinielekeza kwa neno moja tu, "Otonglo," bila kuinua macho kutoka kwenye vikombe.

Nilimkuta sokoni huko, kando ya barabara ya Busia, chini ya turubai la bluu. Anauza ndizi za mtu mwingine. Tope lilifika kwenye vifundo vya miguu. Aliponiona alipanga ndizi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Madam Elsie. Kichana ama mkungu?"

"Nasambu, nimekuja kuomba msamaha."

"Hiyo siuzi."

Mwanamke wa meza ya pili akacheka. Nilisimama pale mvua ikinidondokea mgongoni kwenye ukingo wa turubai. Mwishowe alisukuma ndoo kwa mguu, akaigeuza iwe kiti.

"Keti. Unazuia wateja."

Nilimweleza yote. Ukurasa wa saba, mkunjo, mstari na nusu uliokatika. Alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Uliuona?"

"Niliuona. Nilikuwa nao chini ya godoro siku kumi na mbili."

"Uko wapi?"

"Nilimpa."

Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Yeye akacheka, kicheko kifupi kisicho na chuki.

"Basi tuko sawa. Mimi sina karatasi, na wewe huna karatasi. Sasa nenda useme, uone vile inakuwa."

Mteja akaja, akauliza bei, akaondoka. Nasambu akaendelea, macho yakiwa barabarani.

"Watu wanafikiri alinifanya nini sijui. Alinishika, ndiyo. Nikachomoa karatasi nikamtupia. Akacheka, mlango ameshafunga. Nikainua ile mashine ya taipu. Unaijua? Ni nzito kama mbuzi! Nikaiinua hivi, nikamwambia, Mwalimu, nahesabu mpaka tatu, nikimaliza hii inaingia kwa televisheni yako. Kwa mbili alikuwa ameshafungua." Alifuta ndizi moja kwa kitambaa. "Hakuogopa Mungu, hakuogopa mimi. Aliogopea televisheni."

Nilicheka, yeye pia, kisha wote tukaacha kwa wakati mmoja.

"Yule nilimmaliza mwenyewe," akasema. "Ni nyinyi ndio sikuweza. Nilikuja kwenu na nguo ya kanisa. Nilikuwa nimepanga maneno wiki mbili nzima, ile ya kwanza na ile ya mwisho. Na wewe nilikuwa nimekuchagua. Nilisema, yule amesoma, nitamwangalia yeye nikiongea."

Sikuweza kumwambia juu ya kinyaa. Nilikuwa nimekwenda ili niseme hilo pia, na sikuweza. Nimeliandika hapa, na najua hapa si mahali pake.

Nilimuuliza kama anakubali niyarudishe maneno yake kwenye kitabu cha kumbukumbu. Alikunja kitambaa alichofutia ndizi.

"Andika. Lakini usiniweke 'msichana fulani.' Weka jina. Na usiandike nililia. Sikulia."

Nilinunua kichana. Alinirudishia chenji yote kamili.

Alhamisi, 3 Juni

Nimeandika rasimu nne. Kila mara ninajikuta nimemwandika akilia.

Jumamosi, 5 Juni

Kwenye ajenda, baada ya sala na kumbukumbu, kuna kipengele cha Yatokanayo. Hapo ndipo katibu husimama akitaka kusahihisha. Nilisimama. Nilisema kumbukumbu za tarehe tatu Aprili zina uongo, na uongo huo niliuandika mimi.

"Katibu," akasema Mama Beldina haraka, "funga kalamu."

"Siandiki, Mama. Nasoma."

Nikasoma. Jina la Nasambu, jina la Mwalimu Ogola, ripoti, kanda ya saba, mlango, mashine ya taipu. Kisha nikasoma nilivyouona ukurasa wenyewe na nilivyoutoa. Kina mama walikuwa wakitazama chini. Mwalimu Ogola hakusogea. Nilipomaliza aliniuliza kwa upole, kama anavyouliza darasani:

"Na huo ukurasa, Madam, uko wapi?"

"Unao wewe, Mwalimu. Nilikupa Jumanne baada ya Pasaka, kwa mikono miwili."

"Kwa hiyo haupo." Aliwageukia kina mama, akatabasamu kwa masikitiko. "Huyu nilimpa kazi. Sasa sijui naye ametumwa na nani."

Nikasikia minong'ono inaanza, na ndani ya minong'ono jina la Badru. Basi ndivyo inavyokuwa. Nasambu aliniambia niende nione, nikaona. Mtu anaanza kujitilia shaka mwenyewe kama kweli karatasi ile ilikuwa na mkunjo.

Mama Safia akasimama. "Mimi nilikuwa benchi la pili. Nilimsikia Nasambu. Alisema hayo maneno. Kama nimetumwa, nimetumwa na masikio."

Mwingine wa kusimama hakuwapo. Memba saba walitoka na Mwalimu, mmoja akinipita alisema polepole, "Digrii imekutia wazimu." Waliobaki walibaki wameketi, sijui kwa kuniamini au kwa kuogopa mvua. Nilimpelekea Mama Beldina kitabu atie sahihi. Alivua miwani.

"Uliona huo ukurasa kwa macho yako?"

"Niliuona, Mama."

"Ilikuwa mwandiko yake?"

"Ulikuwa mwandiko wake."

Alikaa na kitabu wazi mapajani. Alisema, kama anazungumza na mtu mwingine, "Tulimpa sisi. Safia alisema tuangalie wenyewe, na mimi nikasema macho yangu." Hakutia sahihi. Lakini hakuukata ukurasa, na alinirudishia kitabu mkononi badala ya kukiweka mezani.

Nyumbani Mama alikuwa ameshaambiwa. Hajanisemesha.

Jumatatu, 7 Juni

Asubuhi niliacha barua yangu ya kujiuzulu juu ya mashine ya taipu, na kitambaa cha maua ya manjano nikakikunja nikakitia kwenye mkoba. Karani aliniona.

Nilimkuta Nasambu anafungua turubai. Nilimpa kitambaa chake, na nakala ya kumbukumbu iliyosahihishwa, yenye sahihi mbili, yangu na ya Mama Safia, na pengo pale pa mwenyekiti. Aliisoma akiwa amesimama, kidole chini ya kila mstari, kama mpiga taipu anavyokagua kazi ya mtu mwingine. Akaomba kalamu.

"Hapa umeweka alinishika mkono. Ilikuwa shingo."

Akasahihisha, akaandika jina lake pembeni, akanirudishia kalamu ikiwa wazi. Kisha akamwomba mwanamke wa meza ya pili amtunzie ndizi.

Tulirudi mjini pamoja hadi kituo cha polisi. Yeye alitoa maelezo yake kwanza, karibu saa nzima, na hakulia. Mimi nilifuata. Askari aliniuliza nina ushahidi gani. Nilisema nilikuwa nao, na niliutoa kwa hiari yangu kwa mtu anayeshtakiwa, na siku ya kwanza Nasambu alipoyasema hayo mbele yangu nilifunga kalamu. Aliniuliza kama nataka hayo pia yaandikwe.

Nilisema ndiyo. Akayaandika, akanisomea, nikatia sahihi.